Mwalimu wa Barua Zenye Majibu

Shirika lilipoamua kumshukuru Bwana Kapembwa, halikubana mkono hata kidogo. Lilichapisha bango la turubai lenye picha yake akiwa amefumba jicho moja, likaagiza keki kutoka Mansa, mji mkuu wa mkoa, likaazima spika mbili ndefu za kanisa, na likatengeneza cheti cha shukrani chenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja Nchelenge, kando ya ziwa huku Zambia, kwa siku moja, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Jambo moja tu lilisahauliwa katika matayarisho yote hayo, nalo ni kuijibu barua ya Bwana Kapembwa mwenyewe, iliyokuwa imekaa ofisini wiki saba.

Pierrette alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Barua ilikuwa kwenye droo yake.

Tuliite Shirika tu, maana limebadilisha jina mara tatu na gari ni lile lile. Kazi yake ni kuwasaidia wakimbizi wa Kongo walioko kwenye makazi, mwendo wa saa nzima kwa lori kutoka ziwani, na kazi hiyo hulifanya hasa kwa warsha. Pierrette alikuwa karani wake. Alitoka Pweto, upande wa Kongo, akavuka mpaka mwaka 2017 akiwa na mtoto mgongoni na diploma ya sekondari ndani ya mfuko wa nailoni kifuani, akafikia kambi ya mapokezi ya Kenani pamoja na maelfu ya wenzake, kisha makazi. Mtoto alikua. Diploma haikukua wala haikufaa. Kila ofisi aliyoionyesha upande huu ilisifia muhuri wake mzuri, ikamrudishia.

Miaka minne baadaye alipata nafasi ya kusomea ukarani katika chuo cha ufundi pale Kashikishi, jirani na Nchelenge. Chuo hicho kina jina refu kuliko majengo yake. Kina madarasa manne, cherehani kumi na mbili ambazo kati yake saba zinashona, na mwalimu mmoja wa Kiingereza anayefundisha washonaji, wachomeleaji na makarani kwa pamoja, kwa hoja kwamba Kiingereza ni kimoja. Huyo ndiye Kapembwa. Usitarajie mtu wa kupendeza. Ni mrefu, amekunjamana, ana suruali ya kijivu ya Jumatatu hadi Ijumaa, na sauti ya mtu aliyeamshwa kila anapoulizwa swali. Wazambia walimwita kwa heshima ba Sir, Wakongo walimwita Prof, naye aliitikia yote mawili kwa uchovu ule ule. Kiswahili alikipata kwa mama yake, aliyekuwa akiwauzia Wakongo samaki, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha sokoni: kilijua uzito, kilijua kukataa, hakikujua kubembeleza, na ndio yake ilikuwa njo.

Alikuwa na kanuni moja, na kwa ajili yake nusu ya chuo ilimchukia. Mwanafunzi aliandika barua kwa mtu wa kweli juu ya jambo la kweli. Mjomba wa kubuni anayeishi Lusaka hakutakiwa. Barua ilipelekwa, kisha mwalimu akakaa kimya, na alama zilitoka siku jibu lilipofika. Jibu lisipofika, sifuri. Jibu la mdomo halikuhesabiwa, na hapo ndipo watu walipolia, kwa sababu kwenye ufuko ule kila jibu ni la mdomo: mkubwa amesikia, mkubwa amesema mtaitwa, mkubwa yuko Mansa. Majibu machache yaliyopatikana yalibanwa kwa vibanio vya nguo kwenye uzi wa nyavu uliovutwa kutoka dirisha hadi dirisha. Siku Pierrette alipoingia darasani, uzi ulikuwa na karatasi sita. Mwalimu alikuwa amefundisha pale zaidi ya miaka ishirini.

Pierrette hakutishika. Kwao alikuwa amesoma mambo ya biashara na utawala, na Kongo barua ya maombi ni ibada kamili. Akakaa jioni nzima, akaandika kwa Ofisi ya Maji. Alianza kwa kusema kwamba ana heshima kubwa isiyo na kifani ya kuja mbele ya ukarimu wao uliotukuka. Akaendelea kwamba anajua shughuli zao nyingi na nzito. Akaomba radhi kwa kuthubutu. Akawatakia afya wao na familia zao. Ombi lenyewe lilitokea mstari wa kumi na tisa, limejikunyata kama mtu aliyechelewa misa. Alikuwa na hakika ya kumi juu ya kumi.

Kapembwa akaisoma yote bila kubadilisha uso. Kisha akatoa penseli, akakata heshima, akakata ukarimu, akakata shughuli nzito, akazikata familia pamoja na afya zao.

“Mayo,” akasema, akimwita mama kwa Kibemba, “weye unaomba nini?”

“Pampu, Prof. Pampu ya bloki yetu kule makazi ilikufa.”

“Ilikufa siku gani?”

“Tarehe tatu.”

“Andika ile. Kisha uliza nani atakuya, na siku gani. Kwa ofisi heshima iko mingi. Tarehe njo haiko.”

Pierrette alikasirika, tena sana. Barua ya namna ile, kwao, ingemletea askari kabla ya kumletea fundi. Ilikuwa mistari miwili tu: pampu imekufa tangu tarehe tatu, nani atakuja kuitengeneza, na siku gani? Ilikuwa kama kumgongea mtu mzima mlango kwa mguu. Lakini alitaka alama, basi akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe, akakimbia kabla hawajaifungua.

Siku ya tisa jibu likaja. Lilikuwa na muhuri, jina la fundi, na siku: Alhamisi. Fundi alifika Ijumaa, jambo ambalo huku kwetu ni sawasawa na Alhamisi, na kabla ya jua kutua kina mama wa bloki walikuwa wanagombania ndoo kwa furaha. Kapembwa akalibana jibu kwenye uzi, karatasi ya saba, akampa Pierrette saba juu ya kumi. Pierrette akauliza zile tatu zimekwenda wapi. Mwalimu akamwambia hakuuliza saa.

Cheka ukipenda, lakini siku ile kitu kiligeuka ndani ya mwanamke yule. Tangu Pweto watu walikuwa wamemhesabu, wamempanga foleni, wamempima mtoto, wamempa kadi na kumwambia asipoteze kadi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemjibu. Na sasa ofisi nzima, yenye bendera mlangoni, ilikuwa imekaa chini na kumwandikia yeye, kwa jina lake, kwamba ni Alhamisi. Alimpenda mzee yule mkavu kwa moyo wake wote kuanzia hapo. Hakumwambia, kwa sababu Kapembwa hakuwa mtu wa kuambiwa vitu kama hivyo, angemuuliza tarehe.

Chanzo cha kanuni ile alikijua baadaye, siku moja walipokuwa wanaupangusa uzi vumbi. Zamani, mwalimu akiwa kijana, aliandika barua kuomba uhamisho wa kwenda Kasama, kwao na mkewe. Barua ilikuwa nzuri, ina heshima ya kutosha. Haikujibiwa.

“Bangesema hapana, ningekaa hapa na roho moya,” alimwambia. “Bangesema ndiyo, ningeenda. Sasa ni miaka makumi mbili na mbili, niko mutu wa kungoya.”

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, akaendelea kupangusa.

Pierrette alipohitimu, Shirika lilisikia habari za mkimbizi anayeandika barua zikajibiwa, likamwajiri haraka kabla hajaliandikia. Akapewa meza, feni, na droo yenye ufunguo. Mratibu wa Shirika, Bwana Chama, alikuwa mtu mpole sana, mwenye mashati ya kunyooshwa na kalamu mbili mfukoni, na ndiye aliyemfundisha nusu ya pili ya ufundi ule, ambayo Kapembwa hakuwahi kuifikia: namna ya kumjibu mtu bila kumjibu. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Asante kwa barua yako. Tumeipokea, na inashughulikiwa na wahusika. Wahusika hao hakuna aliyewahi kuwaona, lakini walikuwa wachapakazi mno, maana kila kitu kilikuwa mikononi mwao. Pierrette aliipiga sentensi ile kwa mashine mpaka vidole vikaijua kuliko Baba Yetu. Kwenye makazi, alikoendelea kulala, watu walianza kumwita Madame, na sitasema uongo, jina lilimkaa vizuri.

Wakati huo huo Kapembwa, ambaye hakuwa na akili ya kupumzika, alifungua darasa la Jumamosi kwa watu wa makazi. Lori la Shirika lilikuwa linawaleta watu thelathini mpaka chuoni na kuwarudisha. Wauza mandazi, wakulima wa mihogo, fundi viatu mmoja mwenye jicho moja, wote wanajifunza kuuliza nani na siku gani. Mwisho wa mwaka wa pili uzi ulikuwa na karatasi arobaini na moja, na ofisi kadhaa za wilaya zilianza kulalamika kwamba watu wa lori wanazisumbua kwa maswali.

Mwezi wa Juni Bwana Chama akamwita Pierrette, akamsomea waraka autie kwenye mashine. Lori la Jumamosi linasimamishwa kwa muda, kupisha tathmini. Pierrette akaupiga. Alisahihisha hata mkato mmoja uliokaa vibaya, kwa kuwa alikuwa karani mzuri. Tathmini haikuja kamwe, ila lori lilionekana kila Jumamosi likibeba viti vya warsha.

Jirani yake kwenye makazi, Gloire, mwuza mandazi aliyekuwa bado anangoja jibu la barua yake ya kwanza, hakuuelewa waraka. Au aliuelewa, akaamua kutouamini. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kukaa kwenye kituo cha lori na daftari lake ndani ya plastiki, huenda likaja. Pierrette alipopita, Gloire alimuuliza kama litakuja.

“Banashughulikia,” Pierrette akajibu, na akasikia midomo yake mwenyewe ikiitamka.

Mwezi wa Julai barua ya Kapembwa ikafika. Mistari miwili. Lori la Jumamosi halijaja tangu tarehe kumi na nne Juni; nani aliamua, na litarudi siku gani? Pierrette akaipeleka kwa mratibu, mratibu akatabasamu, akasema ajibiwe kama kawaida. Naye akajibu kama kawaida. Akamshukuru mwalimu wake kwa barua yake, akampa habari za wahusika, akatia sahihi kwa niaba ya Shirika.

Siku ya nne jibu lake likamrudia. Pembeni kwa penseli kulikuwa na sifuri juu ya kumi, na chini yake: Sijajibiwa. K.

Aliifungia karatasi ile kwenye droo pamoja na barua ya mwalimu, akageuza ufunguo mara mbili. Aibu haina kufuli, hata hivyo. Kila alipofungua droo kutafuta kibanio, sifuri ilikuwa pale, ya duara, nzuri, imechorwa bila haraka.

Basi ndipo wageni wakatangazwa, na makao makuu yakataka hadithi ya mafanikio. Bwana Chama hakutafuta mbali. Mkimbizi aliyekuwa hana kitu, mwalimu wa Kiingereza aliyemtia moyo, Shirika lililowakutanisha: hadithi ilikuwa imeketi hapo hapo ofisini, inapigwa na feni. Pierrette atasoma shukrani, mwalimu atapewa cheti, watakata keki. Mratibu akaiandika hotuba mwenyewe, kurasa tatu, akamkabidhi kwa upole, na kwa upole ule ule akamkumbusha kwamba mkataba wake unakwisha mwisho wa Septemba, na kwamba makao makuu hupenda kuona watu wenye shukrani. Pierrette aliielewa sentensi hiyo bila kamusi. Meza, feni, ufunguo na jina la Madame vilikuwa vinangoja hotuba isomwe vizuri.

Alhamisi ilipofika, uwanja wa chuo ulijaa. Watu wa makazi waliletwa kushangilia; waliletwa kwa lori, ambalo siku hiyo tathmini ililiruhusu. Kapembwa aliketishwa mbele, chini ya picha yake ya jicho moja, akiwa na suruali yake ya kijivu, anaitazama keki kama insha ambayo bado hajaamua aanze kuisahihisha wapi. Mgeni mkubwa, mwanamke mfupi aliyeshika daftari, alitabasamu kwa kila kitu. Bwana Chama alizungumza nusu saa juu ya thamani ya muda.

Pierrette akasimama kwenye kipaza sauti, akafungua kurasa zake. Alisoma kwamba ana heshima kubwa isiyo na kifani. Alisoma kwamba mwalimu huyu alimwashia taa na kumpa mbawa. Akatupa jicho chini, kuruka mistari, kutafuta mahali ambapo hotuba inasema kitu. Alikwenda mpaka ukurasa wa tatu na hakupaona. Alipoinua macho, Kapembwa alikuwa anamtazama kama alivyomtazama siku ya pampu, bila hasira, anangoja tu. Nyuma yake, safu ya tatu, Gloire alikuwa na daftari lake ndani ya plastiki. Siku ya keki, na yeye kaja na daftari.

Pierrette akazikunja kurasa tatu. Akatoa mfukoni karatasi aliyokuwa ameichukua kwenye droo asubuhi bila kujiuliza kwa nini, akaisoma kwa Kiingereza, mistari yote miwili, pamoja na tarehe yake na jina la aliyeiandika. Kisha akaijibu, kwanza kwa Kiingereza kwa ajili ya daftari la mgeni, halafu kwa lugha ya watu wa lori.

“Nani aliamua? Ofisi yetu njo iliamua, na ile karatasi miye njo niliipiga kwa mashine. Prof aliuliza, na miye tena nilimujibu bure. Alinifundisha kuuliza, nikaenda kujifunza kunyamaza. Sasa siku gani, ile miye siyui. Naomba mwenye kuyua aseme.”

Mgeni mkubwa akaacha kutabasamu, akamgeukia mratibu, akamuuliza swali lile lile. Bwana Chama akasimama, akasema jambo hilo kwa kweli linashughulikiwa na wahusika. Mgeni akauliza wahusika ni akina nani. Nadhani tangu Shirika lianzishwe hakuna mtu aliyewahi kuliuliza hilo, maana mratibu alitazama kulia, akatazama kushoto, akaitazama hata keki. Mwisho akasema lori litakuja Jumamosi hii. Watu wakapiga makofi, Gloire akapiga vigelegele, na mratibu, akiona amevuka salama, akachukua cheti haraka, akamkabidhi mwalimu wakati mpiga picha yuko tayari.

Kapembwa akakipokea kwa mikono miwili. Akakisoma mbele, upande wenye dhahabu, mpaka mwisho. Kisha akakipindua, akakilaza juu ya meza ya keki, upande mweupe juu.

“Andika, ba Chama.”

Mratibu akacheka kidogo, akasema ameshatamka mbele ya watu wote.

“Nilisikia,” Kapembwa akasema. “Andika. Na saa.”

Hakuna aliyemsaidia mratibu. Mgeni aliendelea kumtazama, mpiga picha alikuwa ameinua kamera, watu thelathini wa Jumamosi walikuwa wamesogea bila kuitwa. Bwana Chama akatoa moja ya zile kalamu zake mbili, akainama, akaandika mgongoni mwa cheti cha shukrani kwamba lori litakuja Jumamosi tarehe thelathini, saa mbili asubuhi, na kila Jumamosi baada ya hapo. Akatia sahihi. Mwalimu akapuliza wino ukakauka, akaenda nacho darasani, wala keki hakuionja.

Lori lilikuja saa nne, lakini lilikuja. Mkataba wa Pierrette haukuja. Alipata barua ya kumshukuru kwa huduma yake, imepigwa na karani mpya, ina mkato uliokaa vibaya. Bwana Chama alimwambia kwa huzuni kwamba shukrani ya punda ni mateke, na Pierrette akakaa siku mbili akijaribu kujua ni nani hasa aliyekuwa amebebeshwa mizigo. Aliona uchungu, tusidanganyane. Feni haisahauliki upesi. Siku hizi ana meza yake sokoni Kashikishi, karibu na wauza samaki wakavu, anawaandikia watu barua. Mteja akianza na heshima kubwa isiyo na kifani, anaweka kalamu chini na kumuuliza anaomba nini.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba alipanda lori pamoja na wengine, akaenda kumwona mwalimu wake. Alitegemea neno. Alikuwa amepoteza kazi kwa ajili yake, na hata jiwe lingesema asante. Kapembwa akamwambia amempa saba.

“Saba tu, Prof?”

“Hukuuliza saa. Miye njo niliuliza.”

Pierrette akacheka mpaka akajipangusa macho kwa kitenge, na mzee akageuka dirishani, akahangaika na kibanio ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Cheti kipo mpaka leo kwenye uzi, katikati ya majibu mengine, mgongo wake ukitazama darasa na dhahabu ikitazama ukuta. Juzi alikuja mkaguzi fulani, akakiona, akamwambia mwalimu kwa upole kwamba kimebanwa kinyume, uzuri wake uko upande wa pili.

“Ule upande,” Kapembwa akamjibu, “haina kitu.”